Hodi Namba Tano

Sanduku la kuongozea hewa lilikuwa limeganda tangu asubuhi, na kila mtu pale Machimbo alikuwa na lake la kusema. Kuna aliyesema ni vumbi. Kuna aliyesema ni uzee, kwa kuwa sanduku lenyewe lilitengenezwa enzi za watu walioishi juu ya ardhi na kuota jua kwa raha zao. Mhandisi Mkuu Lugwisha, mwenye mji, alisema ni uzembe wa mafundi. Nyamizi alilisikia neno hilo akiwa amepiga magoti nyuma ya sanduku, bisibisi mkononi, na damu ikamchemka papo hapo. Neno hilohilo ndilo lililomuua baba yake.

Alilegeza skrubu, akavuta bamba la ubavuni, akaanza kupuliza vumbi.

"Fundi, litapona?" aliuliza Bi Kabula, mke wa Mhandisi, aliyekuwa amesimama mlangoni amejifunika kanga mabegani.

"Litapona, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Maana nyuma ya ukuta huu ndipo watoto wa chekechea wanapolala mchana. Likiwa limeganda hivi, nani atajua hewa ikiharibika?"

"Nimeshawaambia wawapeleke Handaki la Tatu mpaka nimalize."

Bi Kabula alishusha pumzi, akamshukuru, kisha akamletea kigoda na mto wa kuwekea magoti. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ulimkera Nyamizi, kwa sababu alikuja mji huu akiwa na nia ya kumchukia kila aliyekula meza moja na Lugwisha.

Huko juu, jua lilikuwa limeshashinda vita zamani. Watu walishuka kwenye migodi iliyoachwa, wakatandika mikeka mahali palipochimbwa dhahabu, na tangu hapo uhai wao ukategemea feni za hewa na masanduku yaliyoziongoza. Mashine za kisasa zilikuwa zimekufa zote, tena kwa siku moja. Zilikuwa na desturi ya kuomba ruhusa angani kila asubuhi kabla ya kufanya kazi, na asubuhi moja anga halikujibu. Masanduku haya, kompyuta za kale za mezani, makubwa, mazito, yenye kunguruma, hayakuwa na habari na anga. Yalichimbuliwa kutoka stoo za maofisi, yakapanguswa, yakawashwa, yakaamka kama vile hakuna kilichotokea.

Ila yana kisirani chao. Ndani ya sanduku kuna mkubwa mmoja tu, prosesa, naye hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kadi, yaani kibao kilichochomekwa humo kwa kazi yake maalumu, ikiwa na neno la kumwambia haimvamii, inapiga hodi. Mafundi wa Machimbo walikuwa wakiita hivyo, hodi, na kila hodi ina njia yake yenye namba. Saa ina yake, kibodi ina yake, diski ina yake. Zinazobaki ni chache, na kadi za nyongeza huzigombania. Ukizipa kadi mbili njia moja, ile inayotangulia hushikilia mlango. Mwenzake akija kugonga, mkubwa anausikia mlango ambao amekwisha kuuitikia, basi anaendelea na shughuli zake. Hodi ya pili inapotea, wala hairudiwi.

Nyamizi aliinamisha taa. Kadi ya hewa, ile inayonusa moshi wa pampu za dizeli na kupiga kengele, ilikuwa na jampa yake, kile kibanio cha kuchagulia njia, kwenye namba tano. Kadi ya sauti, inayopeleka hotuba kwenye vipaza sauti vya mahandaki yote, ilikuwa ya aina isiyojua namba nyingine ila hiyohiyo tano.

Kuganda kwenyewe kulikuwa jambo dogo. Kadi ya sauti ilikuwa imechomekwa upande na mtu mwenye haraka; aliichomoa, akaichomeka upya, sanduku likaamka. Lakini mgongano wa hodi ulikuwa haugandishi kitu. Ulikuwa unanyamazisha tu, na usingeonekana mpaka siku vipaza sauti vitakapokuwa vinasema wakati hewa inaharibika.

Alisikia viatu, akageuka. Lugwisha alikuwa ameingia, mrefu, ndevu zimechanwa vizuri, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mhandisi Mkuu."

"Marahaba, marahaba. Vipi, limekushinda?"

"Halijanishinda. Limeamka. Ila nimeona kadi ya sauti na kadi ya hewa zinagombania mlango."

"Hodi ya tano," alisema Lugwisha, upesi, kama mtu anayeitikia jina lake. Kisha akakohoa. "Nabahatisha tu. Na mimi zamani nilishika bisibisi."

Nyamizi hakuwa ametaja namba. Aliinamia kazi yake ili uso wake usionekane.

"Ihamishe ya hewa, iende kumi," Lugwisha aliendelea. "Ya sauti usiiguse, keshokutwa ni Siku ya Kushuka na hotuba yangu tayari imo kwenye diski. Na jambo hili libaki humu humu. Watu hawaelewi mambo ya hodi, watatishika bure."

"Nimekuelewa, Mhandisi."

"Jina lako nani vile?"

"Nyamizi."

"Binti wa nani?"

"Wa Bi Milembe, wa Machimbo ya Mashariki." Hilo halikuwa uongo. Milembe ndiye mama aliyemzaa. Jina la baba alilimeza kama alivyokwisha kulimeza tangu siku ile alipotoroshwa mji huu chini ya turubai la mkokoteni.

Baba yake aliitwa Kashindye, naye alikuwa fundi wa masanduku wa mji mzima. Aliona mgongano huuhuu, katika Handaki la Chini, siku vipaza sauti vya kwanza vilipofungwa. Alimfuata Lugwisha akamwambia hizi mbili hazikai pamoja. Lugwisha, aliyekuwa akitafuta cheo kwa udi na uvumba, na ambaye siku inayofuata alikuwa anahutubia mji kwa mara ya kwanza, akamwambia aache woga wa kike. Kwamba kama ana shaka, si kuna jiko?

Jiko ndiyo desturi kubwa ya Machimbo. Fundi akimaliza kazi kwenye sanduku la hewa hupewa jiko la mkaa lililokolea, akaingia nalo chumba cha sanduku, mlango ukafungwa kwa nje. Mlinda kioo huketi dirishani akimtazama. Moshi usioonekana unajaa, kadi inaunusa, kengele inalia, mlango unafunguliwa, watu wanapiga vigelegele. Hivyo tu ndivyo kazi inavyokubaliwa. Aliyeketi akizidiwa anaruhusiwa kugonga kioo na atafunguliwa mara moja, lakini sanduku hilo hupigwa lakiri, na mafundi wa mahandaki mengine huitwa kulipekua mpaka skrubu ya mwisho.

Kashindye aliketi na jiko. Siku hiyo Lugwisha alitangaza jambo jipya, kwamba mtu anayehatarisha roho yake kwa ajili ya wenzake anastahili heshima, kwa hiyo vipaza sauti vizimwe, na pawe na ukimya mpaka kengele ilie. Watu walilipenda. Wazee waliinamisha vichwa, akina mama wakafuta machozi. Kengele ikalia vizuri kabisa, kwa kuwa hakukuwa na sauti ya kushikilia mlango. Kesho yake Lugwisha alihutubia, tena alihutubia sana, na wakati anahutubia bomba la moshi likapasuka Handaki la Chini. Watu walifia kwenye mikeka yao wakimsikiliza.

Kwenye baraza la msiba Lugwisha alikula kiapo kwamba Kashindye aliketi na jiko la majivu matupu na kengele akailiza kwa mkono, kwamba alizembea, kwamba mlinda kioo wa siku hiyo alihongwa. Mlinda kioo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kashindye alipandishwa juani na kibuyu cha maji, lango likafungwa nyuma yake. Na ukimya ule wa heshima ukabaki kuwa desturi, kila mji wa chini ukauiga, watoto wakafundishwa shuleni.

Ndiyo maana Nyamizi, akiwa amepiga magoti juu ya mto wa Bi Kabula, alitaka kumuua mtu.

*

Njia ilikuwepo, tena rahisi. Bomba la moshi la pampu lilipita nyuma ya chumba cha Lugwisha, na kiungo chake kilishikwa na nati moja. Angeigeuza kidogo tu. Siku ya Kushuka, hotuba ikinguruma kila pembe, mwenye hotuba angekuwa amejipumzisha kitandani akijisikiliza, kama alivyopenda. Angekufa kwa kifo alichowapa wengine, na hakuna ambaye angejua.

Alikwenda mpaka kwenye nati. Aliiwekea spana. Akaanza kusikia, upande wa pili wa ukuta, watoto wa chekechea waliorudishwa kutoka Handaki la Tatu wakiimba namba, na Bi Kabula akiwasahihisha.

Alitoa spana akakaa chini. Alijiona mpumbavu, na hasira yake, badala ya kupungua, ikazidi. Hata kumuua mtu huyu kulikuwa na gharama ambayo wengine wangeilipa. Tena angekufa akiwa Mhandisi Mkuu. Wangemzika kwa ngoma, handaki lingepewa jina lake, na Kashindye angebaki mzembe milele.

La. Huyu alistahili kitu kibaya kuliko kifo, na ilibidi akifanye mwenyewe kwa mkono wake.

Nyamizi alirudi kwenye sanduku. Alishika jampa ya kadi ya hewa katikati ya vidole viwili, kipande kidogo cha plastiki, akakitazama. Namba kumi ilikuwa wazi, inamsubiri. Akafunga bamba la ubavuni bila kugusa kitu, akaenda kumwambia Mhandisi Mkuu kwamba kazi imekwisha.

*

Siku ya Kushuka watu walijaa kwenye ukumbi mkuu mpaka kwenye ngazi. Walivaa nguo za sherehe, wakajipaka mafuta, wakaleta vigoda vyao. Chumba cha sanduku kilikuwa ubavuni mwa ukumbi, na kwenye kioo chake alikaa Bi Nyanzobe, mlinda kioo, mwanamke wa makamo ambaye mwanawe wa pekee alifia Handaki la Chini. Tangu siku ile hakumwamini mtu mwingine kulinda kioo.

Jiko lilikuwa limekolea. Nyamizi alilinyanyua kwa mikono miwili, kisha akageukia jukwaa.

"Mhandisi Mkuu," alisema kwa sauti ya kusikika, "mimi ni mgeni na kazi yangu hamjaizoea. Ningeomba heshima moja. Uketi nami."

Watu walicheka kwa furaha. Halijawahi kutokea.

"Mimi?" Lugwisha alisema.

"Wanasema zamani ulishika bisibisi."

"Aketi! Aketi!" watu wakapokezana, na vijana wakaanza kupiga makofi.

Lugwisha alitabasamu. Kitu alichokipenda kuliko chakula ni kutazamwa. Alimsogelea Nyamizi akamnong'oneza, "Umeihamisha?"

"Iko kumi."

"Uhakika?"

"Nimekuja kuketi nayo mwenyewe, Mhandisi."

Hapo akavimba kichwa. Alivua koti akampa Bi Kabula. Nyamizi akaongeza, bado kwa sauti ya wote, "Na kwa kuwa anayeketi ni Mhandisi Mkuu, nani ataizima hotuba yake Siku ya Kushuka? Mimi ukimya siudai. Tuketi tukiisikiliza."

Kwa kitambo kidogo sana tabasamu la Lugwisha lilisimama. Aliwatazama watu, akamtazama fundi, akapiga hesabu zake. Kadi iko kumi. Hakuna la kuogopa.

"Iwasheni," alisema.

Waliingia. Mlango ukafungwa. Hotuba ikaanza kunguruma kutoka kwenye kipaza sauti cha darini, sauti yake mwenyewe, nzito, ikiwakumbusha watu jinsi walivyotolewa juani kama wana waliotolewa motoni. Lugwisha alikaa kwenye benchi akaitikia kwa kichwa kila alipojipendeza. Nyamizi alikaa karibu na bomba la kusemea, lile la shaba linalopeleka sauti kwa mlinda kioo, na jiko likawa katikati yao.

Muda ulipita. Lugwisha alianza kulegeza kola.

"Kwa kawaida huchukua kitambo gani?" aliuliza.

"Inategemea mkaa."

Hotuba ilikuwa imefika kwenye sehemu ya umoja. Nyamizi alihisi kipaji cha uso kikianza kumgonga. Alikuwa amelitegemea hilo. Miguu ikawa mizito. Alimtazama mtu aliye mbele yake, mashavu yakianza kuwiva, jasho likimtiririka kwenye ndevu zilizochanwa, na akasikia furaha. Ilikuwa furaha mbaya na alijua ni mbaya, lakini ilikuwa tamu.

"Mbona hailii?" Lugwisha alisema. Ulimi ulianza kuwa mzito. "Wewe. Umeihamisha kweli?"

"Kumi, Mhandisi. Subiri kidogo."

"Umekosea. Umeweka vibaya, mjinga wewe."

Alitazama kioo. Nyamizi aliona macho yake yakipima. Akigonga, watafunguliwa mara moja, ila sanduku litapigwa lakiri na mafundi watakuja na tochi zao, wataona kadi mbili kwenye mlango mmoja, na mmoja wao ataanza kukumbuka Handaki la Chini. Kulikuwa na njia fupi kuliko hiyo. Alikwisha kuitumia mara moja, na hakuna aliyeigundua.

Akanyanyuka, akayumba, akanyoosha mkono kwenye bomba la kusemea. Nyamizi alikuwa ameliegemea.

"Sogea."

Hakusogea. Hapa ndipo palipomshinda kwa muda, na si kwamba hakujua la kufanya. Alijua. Angeendelea tu kuliegemea. Mtu huyu angeanguka kwanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa wa mwili na mwenye hofu, akihema kwa nguvu. Bi Nyanzobe angewahi kufungua, au asingewahi. Baba yake alipofungiwa lango nyuma, nani alimfungulia? Aliona vidole vya Lugwisha vikipapasa shaba juu ya bega lake, na moyo wake wote ukasema muache afe hapa, akisikiliza sauti yake.

"Tafadhali, binti yangu," alisema Lugwisha.

Nyamizi akakumbuka ngoma za mazishi na handaki litakalopewa jina la mtu huyu. Akasogea.

Lugwisha alilidaka bomba. "Mama Nyanzobe! Zimeni hotuba. Kidogo tu, kichwa kinaniuma."

Hotuba ikakatika katikati ya neno. Na kabla watu hawajaanza kuulizana kulikoni, kengele ililia, kali, ndefu, ikatetemesha kioo.

Mlango ukafunguliwa. Vigelegele vikapanda. Lugwisha alitoka akishikilia ukuta, akameza hewa, akainua mkono kwa ushindi. "Mmeona? Inalia! Sanduku linafaa!"

Nyamizi alitoka nyuma yake, akaliacha jiko ndani na mlango ukarudishwa. Alisubiri vigelegele vipungue. Kichwa kilikuwa kikimpasuka, lakini sauti yake ilitoka sawasawa.

"Mhandisi Mkuu, ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hotuba ikizimwa kengele italia."

"Sikujua. Kichwa kiliniuma."

"Mtu anayeumwa kichwa kwenye chumba cha jiko anagonga kioo. Hata mtoto anajua. Wewe umeomba hotuba izimwe." Aligeukia dirishani. "Mama Nyanzobe, jiko bado limo. Hebu iwashe tena."

Bi Nyanzobe alimtazama, akabonyeza. Hotuba ikarudi, ikaendelea na umoja wake. Kengele ikanyamaza. Walisubiri, jiko likiwaka mbele ya macho yao nyuma ya kioo, na kengele haikutoa hata mlio. Bi Nyanzobe akazima. Kengele ikalia. Akawasha, ikanyamaza. Akazima, ikalia. Hakuna aliyemwambia aendelee na hakuna aliyemwambia aache. Aliendelea mpaka ukumbini kote kukawa hakusikiki kitu ila hotuba na kengele zikipokezana, kisha mkono wake ukabaki juu ya swichi, akauliza polepole:

"Siku ile ya Handaki la Chini, si ulikuwa unahutubia?"

Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Wote waliisikia hotuba ile.

"Na siku Kashindye alipoketi," Nyamizi alisema, "nani alidai ukimya?"

"Uongo!" Lugwisha alipaza sauti. "Huyu ameharibu sanduku makusudi! Aliniambia ameihamisha kadi!"

"Ndiyo, nilikudanganya," alisema Nyamizi. "Nilikwambia nimeihamisha. Lakini kama hukujua kwamba kadi hizi mbili zikikaa pamoja zinaua, kwa nini uliniambia niihamishe, tena kabla sijakutajia namba? Na kama ulijua, kwa nini baba yangu alikufa?"

Bi Kabula alikuwa bado ameshikilia koti la mumewe. Aliliacha likaanguka chini.

*

Kwa desturi ya Machimbo, adhabu ya mtu aliyeua hutamkwa na waliofiwa. Walikusanyika wote, wakamkalisha Lugwisha katikati. Wengi walitaka juani, na saa hiyohiyo. Hata kibuyu cha maji walikuwa hawataki apewe. Mwisho walimgeukia binti wa Kashindye, kwa sababu baba yake aliuawa mara mbili, mwili kwanza na kisha jina.

"Juani hapana," alisema Nyamizi.

Lugwisha aliinua uso. Palikuwa na tumaini usoni mwake.

"Masanduku ya mji huu yote nitayapitia upya, moja moja. Kila nikimaliza, mtu lazima aketi na jiko. Kuanzia sasa ataketi yeye. Kila sanduku, kila matengenezo, maisha yake yote. Hakutakuwa na ukimya. Atafungiwa ndani hotuba yake ikinguruma, na anayefanya kazi ni mimi. Sanduku likiwa limetengenezwa vizuri atatoka. Kama nimekosea, basi."

Kuna waliotazama chini.

"Mwanangu," alisema Bi Nyanzobe, "hilo litamla kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe je? Utaweza kufanya kazi vizuri ukijua aliye ndani ni nani?"

"Nitafanya vizuri. Watoto wanalala nyuma ya kuta hizo."

"Yeye hatajua."

"Hapana," Nyamizi alikubali. "Yeye hatajua."

Walikubali, ila si kwa furaha. Bi Kabula peke yake ndiye aliyemfuata nje, macho yamemvimba. "Mimi sikukufanyia kitu, fundi," alisema. "Na mimi nitakuwa nasimama mlangoni nikisubiri." Nyamizi hakubadilisha neno alilolisema.

Sanduku la kwanza lilikuwa lilelile. Nyamizi aliitoa jampa kwenye tano, akaichomeka kwenye kumi, akaijaribu mara nyingi kuliko alivyowahi kujaribu kitu. Lugwisha aliletwa asubuhi, ndevu hazijachanwa. Kabla ya kuingia alimtazama usoni akitafuta chochote, hata dharau, na Nyamizi hakumpa kitu. Mlango ukafungwa. Hotuba ikaanza. Bi Nyanzobe alikaa kwenye kioo, na siku hiyo Nyamizi akapewa ufunguo wa mlango kwa mara ya kwanza, akakaa kando kwenye kigoda na bakuli la uji. Bi Kabula alisimama karibu na mlango amejishika mikono. Kupitia ukutani walimsikia Lugwisha akianza kukohoa, kisha kuomba, kisha kulia kwa sauti huku sauti yake nyingine, ile ya darini, ikiendelea kusifu umoja.

Kengele ililia upesi, wazi, juu ya hotuba, kwa kuwa kazi ilikuwa safi.

"Fundi," alisema Bi Kabula. "Imelia."

"Nimesikia, mama," alisema Nyamizi, akamalizia uji wake kwanza.